Tiba ya visindano: Manufaa na hatari zake kwa ngozi na nywele

TIBA ya kuchomachoma ngozi kwa sindano ndogo, inayojulikana kitaalamu kwa jina la maikronidilingi, ni miongoni mwa huduma za urembo zilizoenea kwa kasi duniani katika miongo miwili iliyopita. Huduma hiyo hutolewa katika hospitali, kliniki za ngozi na hata saluni, huku vifaa vyake vikiuzwa kwa njia ya intaneti kwa yeyote mwenye fedha za kuvinunua.

Wanaoitafuta hutarajia kuondokana na makovu ya chunusi, makunyanzi, michirizi ya ngozi na upungufu wa nywele. Baadhi ya matarajio hayo yana ushahidi wa kitabibu, mengine hayana. Jambo lililo wazi ni kwamba tiba hii hufanya kazi kwa kuijeruhi ngozi kwa makusudi. Kwa sababu hiyo, ujuzi wa anayeitoa, usafi wa vifaa vyake na hali ya ngozi ya anayeipokea ndivyo vinavyoamua iwapo jeraha hilo litaleta nafuu au madhara.

Ilivyoanza

Mwaka 1995, madaktari wa ngozi wa Marekani, David na Norman Orentreich, walieleza njia ya kuingiza sindano chini ya kovu lililobonyea ili kukata nyuzi zinazolivuta kwenda ndani. Walibaini kuwa jeraha hilo huchochea tishu mpya kujijenga mahali palipobonyea.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1997, André Camirand na Jocelyne Doucet wa Canada waliandika kuhusu wagonjwa waliokuwa na makovu yaliyopauka usoni. Makovu hayo yalikuwa bora zaidi kwa rangi na ulaini baada ya kuchomwa kwa mashine ya kuchorea tatuu isiyokuwa na wino.

Hata hivyo, mtu anayetajwa zaidi katika historia ya tiba hii ni Desmond Fernandes, daktari bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile wa Cape Town, Afrika Kusini. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 alianza kutumia kifaa cha kugonga ngozi chenye sindano nyingi, kisha akabuni kigurudumu kilichojaa sindano ambacho huviringishwa juu ya ngozi. Vigurudumu vingi vinavyouzwa leo vimetokana na wazo hilo.

Inavyofanya kazi

Ngozi ina tabaka la juu ambalo ni kinga ya mwili, na tabaka la ndani lenye mishipa ya damu, mizizi ya nywele na nyuzi za kolajeni zinazoipa uimara. Sindano zinapotoboa hadi tabaka la ndani, damu kidogo hutoka na chembe sahani zilizomo humwaga kemikali zinazoita seli za ukarabati.

Siku chache za mwanzo huwa za uvimbe na wekundu. Zinafuata wiki kadhaa za seli kutengeneza kolajeni na mishipa mipya ya damu, kisha miezi ya kuzipanga upya nyuzi hizo. Ndiyo maana matokeo ya kweli hupimwa baada ya miezi mitatu hadi sita. Ngozi inayoonekana kujaa na kung'aa siku ya pili mara nyingi ina uvimbe tu.

Kigurudumu cha kawaida kinachotumiwa na madaktari huwa na sindano 192. Kikipitishwa mara 15 juu ya eneo moja, huacha takriban matundu 250 katika kila sentimita moja ya mraba. Kliniki nyingi sasa hutumia kalamu ya umeme, ambayo sindano zake hupanda na kushuka kwa kasi na kina chake huweza kurekebishwa.

Urefu wa sindano hutofautiana kulingana na lengo. Za kitabibu huwa kati ya milimita 0.5 na 3, na kwa makovu ya chunusi hutumika zaidi zinazokaribia milimita 1.5. Zile za milimita 0.2 au 0.3 zinazouzwa kwa matumizi ya nyumbani hazichochei kolajeni kwa kiwango hicho. Kazi yake kubwa ni kufanya vipodozi vipenye zaidi.

Mgonjwa hupakwa dawa ya ganzi kwa muda wa dakika 45 hadi saa moja kabla ya kuchomwa. Kwa kawaida huhitajika awamu tatu hadi sita, zikiachana kwa wiki nne hadi sita.

Ushahidi uliopo

Mwaka 2008, Matthias Aust, Fernandes na wenzao walichapisha taarifa za wagonjwa 480 waliotibiwa Afrika Kusini na Ujerumani kwa makovu, makunyanzi, michirizi na ngozi iliyolegea. Wengi waliridhika na matokeo, na vipimo vya ngozi vilionyesha ongezeko la kolajeni. Hata hivyo, utafiti huo uliangalia wagonjwa waliokwisha kutibiwa, bila kundi lingine la kulinganisha.

Machi 2018, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliruhusu kwa mara ya kwanza kalamu ya visindano kuuzwa kwa ajili ya kuboresha mwonekano wa makovu ya chunusi usoni, kwa watu wenye umri wa miaka 22 au zaidi. Makovu yaliyobonyea kwa upana hunufaika zaidi kuliko yale membamba na marefu kama tundu la pini.

Kuhusu nywele, utafiti unaorejewa zaidi ulifanyika nchini India na kuchapishwa mwaka 2013 na Rachita Dhurat na wenzake. Wanaume 100 wenye upara wa kurithi waligawanywa katika makundi mawili. Wote walipaka dawa ya minoksidili ya asilimia 5 mara mbili kwa siku, lakini kundi moja lilichomwa pia visindano kichwani kila wiki. Baada ya wiki 12, kundi lililochomwa lilikuwa na ongezeko la wastani wa nywele 91.4 katika eneo lililopimwa, dhidi ya 22.2 kwa waliotumia dawa pekee.

Matokeo hayo yanatia moyo, lakini yanahusu wanaume wenye upara wa kurithi waliotumia visindano pamoja na dawa, tena kwa muda mfupi. Hayamhusu moja kwa moja mwanamke ambaye nywele za mbele na pembeni zimekatika kwa kusukwa kwa kuvutwa miaka mingi. Kwake, hatua ya kwanza ni kulegeza misuko mapema, kwa kuwa mzizi wa nywele uliokwisha kugeuka kovu haufufuki kwa sindano.

Ngozi nyeusi

Kwa watu wenye ngozi nyeusi, tiba hii ina ubora mmoja muhimu. Baadhi ya mashine za leza huchoma au kubandua tabaka la juu la ngozi na mara nyingine huacha madoa meusi yanayodumu kwa miezi. Visindano vya kawaida havitumii joto na huacha sehemu kubwa ya tabaka hilo ikiwa salama, hivyo hatari ya madoa hupungua, ingawa haiishi kabisa.

Kwa upande mwingine, watu wenye asili ya Afrika ndio hupata zaidi keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua kupita mipaka ya jeraha. Mtu aliyewahi kuota keloidi baada ya kutoga masikio, kuchanjwa au kufanyiwa upasuaji hashauriwi kuchomwa visindano. Matundu mengi usoni kwa mtu wa namna hiyo yanaweza kumletea ulemavu wa sura badala ya urembo.

Aidha, wapo wanaotumia mkorogo, yaani vipodozi vya kujichubua vyenye zebaki, haidrokwinoni au dawa kali za steroidi. Steroidi hudhoofisha ngozi na uwezo wake wa kupona. Ngozi iliyotobolewa hupitisha kwa wingi chochote kinachopakwa juu yake, zikiwamo sumu hizo. Mhusika anapaswa kumweleza daktari ukweli kuhusu anachopaka kabla ya kukubali kuchomwa.

Hatari zilizothibitika

Mfano mzito zaidi unatoka jimbo la New Mexico, Marekani. Mwaka 2018, mwanamke mmoja alikutwa na virusi vya Ukimwi (VVU) baada ya kufanyiwa huduma ya visindano inayoambatana na kupakwa majimaji yaliyotolewa katika damu ya mteja mwenyewe. Wachunguzi walikuta saluni hiyo haina leseni, chupa za damu hazina majina na vifaa vya kutumika mara moja vikirudiwa. Ripoti iliyotolewa Aprili 2024 na Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) iliihusisha saluni hiyo na maambukizi ya wateja kadhaa. Mmiliki alikiri makosa mwaka 2022 na kufungwa jela.

Homa ya ini aina ya B na C nayo huambukizwa kwa njia hiyo hiyo ya damu.

Mwaka 2014, madaktari wa Marekani waliripoti wagonjwa watatu waliopata vinundu usoni baada ya kupakwa vipodozi juu ya ngozi iliyotoka kutobolewa. Oktoba 2025, FDA ilitahadharisha kuhusu mashine zinazochanganya sindano na joto la mawimbi ya redio, baada ya kupokea taarifa za kuungua, makovu, kupotea kwa mafuta ya usoni na kuharibika kwa mishipa ya fahamu.

Kwa wanaojichoma nyumbani kwa kigurudumu cha sindano ndefu, wahenga walikwisha kusema kuwa mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Sindano zilizopinda huchana ngozi na kuacha mistari ya makovu. Kigurudumu kinachotumiwa na ndugu au marafiki kwa zamu hupitisha damu ya mmoja kwa mwingine.

Wasiopaswa kuchomwa

Mbali na wenye keloidi, tiba hii haifai penye chunusi zinazotoa usaha, malengelenge ya mdomoni, fangasi au chunjua, kwa kuwa sindano husambaza vimelea. Wenye kisukari kisichodhibitiwa, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda na walio katika tiba ya saratani wanatakiwa kupata kwanza ushauri wa daktari wao. Wajawazito hushauriwa kusubiri.

Mambo ya kuuliza kabla

Afrika Mashariki ina wataalamu waliosomea ngozi. Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi cha Kanda (RDTC), kilichoanzishwa mwaka 1992 katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi, kimefundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika. Mwenye nia ya kupata tiba hii anashauriwa kuanza kwa mtaalamu wa aina hiyo, ambaye atamweleza iwapo tatizo lake linatibika kwa sindano.

Mteja ana haki ya kuuliza mafunzo na leseni ya mhudumu, urefu wa sindano na sababu ya kuuchagua. Ahakikishe sindano mpya zinafunguliwa kwenye pakiti mbele ya macho yake na kutupwa katika chombo maalumu baada ya kazi. Sindano hazioshwi zikatumika tena, hata kwa spiriti.

Baada ya tiba, uso huoshwa kwa maji safi na kupakwa mafuta mepesi yasiyo na manukato. Vipodozi vya rangi husitishwa kwa angalau saa 24, na jua kali huepukwa kwa siku kadhaa. Wekundu huisha kwa kawaida ndani ya siku moja hadi tatu. Maumivu yanayozidi, usaha, homa au uvimbe usiopungua ni dalili za kurudi hospitalini mara moja.