Kesi ya Vitaminwater

Kesi ya Vitaminwater ni shauri la pamoja lililofunguliwa nchini Marekani mwaka 2009 dhidi ya kampuni ya Coca-Cola, kwa niaba ya wanunuzi wa kinywaji chake cha Vitaminwater. Walalamikaji, wakisaidiwa na shirika la kutetea walaji la CSPI, walidai kuwa lebo zilisifu vitamini na kuahidi afya, ilhali chupa ya mililita 591 ilikuwa na takriban gramu 33 za sukari. Kampuni ilijitetea kwamba hakuna mnunuzi makini ambaye angepotoshwa. Mwaka 2010 Jaji John Gleeson wa mahakama ya shirikisho jijini New York aliruhusu shauri liendelee. Lilimalizika kwa maafikiano: baadhi ya madai yaliondolewa, na lebo zikatakiwa kutaja viongeza utamu.