KIAPO CHA WAIRELAND: WATU WALIOTAKA KUACHA POMBE

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Ndugu zangu katika imani, leo tuzungumze habari za Ireland. Mtu atauliza: sheikh, Ireland na sisi wapi na wapi? Subiri. Allah ametuamrisha tutembee katika ardhi tuzingatie yaliyowapata wengine, na watu hawa wana kisa ambacho kila mwenye kijana nyumbani anafaa kukisikia.

Kule pombe iliingia katika kila jambo. Mtoto akizaliwa, watu wakioana, maiti akikeshewa kabla ya kuzikwa, chupa ilikuwepo. Hata ukarimu uliingia ndani ya glasi. Wana desturi ya raundi: mmoja anawanunulia wote mezani, kisha inakuja zamu ya mwingine. Mkiwa sita, ni glasi sita, hata kama haja yako iliisha kwenye ya kwanza. Anayeondoka kabla ya zamu yake huonekana bakhili. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilianzishwa jumuiya ya watu walioahidi jambo moja tu: hatununuliwi wala hatununui. Hawakuahidi kuacha kunywa. Walielewa kwamba walevi wengi hawavutwi na chupa, wanavutwa na wenzao.

Kabla ya hapo, katika mji wa Cork, alikuwepo padri wa shirika la Wakapuchini aitwaye Theobald Mathew. Tarehe 10 Aprili 1838 alitia saini kitabu cha chama cha kuacha pombe kabisa. Aliyemsukuma hakuwa wa kanisa lake, alikuwa William Martin, wa dhehebu la Quaker. Basi watu wakaanza kumiminika. Walikuja kwa miguu kutoka mbali, wakapiga magoti na kuapa kwa maelfu kwa siku moja. Katika miaka michache walioapa walihesabiwa kwa mamilioni. Unywaji wa pombe kali iliyolipiwa ushuru ulishuka kwa karibu nusu. Mwaka 1845 hata Frederick Douglass, Mmarekani mweusi aliyetoroka utumwa, aliapa mbele ya padri huyo.

Haki husemwa hata kama mwenye nayo si wa dini yako. Padri yule alifanya kazi kubwa.

Lakini haikudumu. Mwaka 1845 viazi, chakula cha maskini wa Ireland, vilianza kuoza shambani. Ikaja njaa kuu, watu wapatao milioni moja wakafa na wengine milioni wakahama nchi. Padri mwenyewe alikuwa amezama kwenye madeni kwa ajili ya kazi yake. Na kulikuwa na udhaifu ambao haukuletwa na njaa: kiapo kilikuwa cha mkutano. Mtu anaapa leo katikati ya umati, kesho yuko peke yake mtaani kwake, na baa iko palepale. Wengine waliichukua medali ya kiapo kama hirizi, wakadhani chuma kitawalinda.

Serikali nayo ilijaribu njia yake, njia ya sheria. Hapa kuna vichekesho. Baa zilikuwa na saa za kufungwa, ila msafiri aliruhusiwa kupewa kinywaji. Msafiri ni nani? Ni yule aliyelala umbali wa maili 3 kutoka hapo, na kwa Dublin maili 5. Basi watu wakawa wasafiri! Wa kijiji hiki wanakwenda kunywa kile, na wa kile wanakuja huku. Mlango huo ulifungwa mwaka 1960.

Sheria ya mwaka 1927 ilifunga baa siku ya Mtakatifu Patrick, sikukuu ambayo leo inajulikana duniani kwa ulevi, na zikafungwa hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Mjini Dublin kinywaji kilipatikana kwenye maonyesho ya mbwa. Ghafla watu wasio na mbwa wakawa wapenzi wakubwa wa mbwa.

Msicheke sana. Hii ndiyo hila, na sisi tunaijua. Watu wa Sabato walitega Ijumaa wakavua Jumapili. Na kwetu yupo anayefunga safari Ramadhani, si kwa haja, bali ili apate kula mchana.

Waliofaulu zaidi ni wale waliojifunza kutokana na kosa la kiapo cha umati. Mwaka 1898 padri James Cullen alianza jumuiya mpya mjini Dublin akiwa na wanawake wanne tu. Mtu hakupokelewa siku hiyohiyo, alijaribiwa kwanza. Akipokelewa anavaa beji kifuani, na kila anayemwona anajua huyu hapewi glasi. Mwaka 1949, walipotimiza miaka 50, walijaza uwanja wa Croke Park. Baadaye nao walipungua, kwa kuwa nchi ilibadilika na sauti ya kanisa ikafifia. Mwaka 2018 hata katazo la kuuza pombe Ijumaa Kuu likaondolewa.

Sasa turudi kwetu. Mama Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, ametueleza kwamba kwanza ziliteremka aya za kutaja Pepo na Moto, nyoyo zilipotulia ndipo ikaja halali na haramu. Ndiyo maana katazo la mwisho lilipoteremka, pombe ilimwagwa ikatiririka katika njia za Madina bila askari kugonga mlango. Moyo ulitangulia, na jamii nzima iliacha pamoja.

Sisi tunahubiri haramu kila Ijumaa, na ni haramu kweli. Lakini kijana akitubu Ijumaa, Jumamosi usiku anakaa na nani? Padri Mathew alijua hili: vyama vyake vilikuwa na vyumba vya kusomea na bendi za muziki, ili mtu apate pa kwenda. Sisi msikiti tunaufunga baada ya Isha, na akikaa barazani tunamfukuza. Marafiki wa chupa wanamsubiri, na wao hawamfukuzi.

Usimwachie aliyetubu apigane peke yake. Mpigie simu, mwalike chakula, mpe kazi ya kufanya msikitini. Raundi yao inamvuta kwenye glasi, basi na sisi tuwe na raundi yetu: leo futari kwako, kesho kwangu.

Allah awahifadhi vijana wetu na awathibitishe waliotubu. Amin.

Wabillahi tawfiq.