Gongo la kriketi huanza kufa chini

Wadau, leo siasa zipumzike kidogo. Najua wengi wenu kriketi ikitajwa mnawaza Upanga, nguo nyeupe na mechi isiyoisha. Vumilieni. Kuna habari moja imenikaa kichwani wiki nzima, nayo inahusu sehemu ya gongo ambayo hata watangazaji wa mpira huo hawaitaji mara nyingi: ile ncha ya chini kabisa, inayogonga-gonga ardhi wakati mpigaji anasubiri mpira. Ikiwa nene, gongo linavumilia. Ikiwa nyembamba, linapasuka mapema. Swali langu ni hili: kama jambo lenyewe ni rahisi hivyo, kwa nini watengenezaji wanaipunguza?

Jibu linaanzia Uingereza, karne ya 18. Wakati huo mrushaji hakuudundisha mpira, aliuviringisha kwenye majani. Ndiyo maana gongo lilipinda mwishoni, karibu kama yale ya hoki, na uzito wake mwingi ulikuwa chini. Gongo kongwe linalojulikana, la mwaka 1729, limehifadhiwa katika uwanja wa The Oval jijini London. Enzi hizo ncha ya chini ndiyo iliyofanya kazi yote, kwa hiyo hakuna aliyefikiria kuichonga iwe nyembamba.

Kisha kwenye miaka ya 1760 warushaji wakagundua ujanja wa kuurusha mpira hewani ili udunde mbele ya mpigaji. Gongo lililopinda likawa halina maana tena. Likanyooka. John Small, mchezaji wa klabu ya Hambledon aliyekuwa pia fundi wa magongo, anatajwa kuwa miongoni mwa walioleta umbo hilo jipya.

Hapo ndipo sheria zilipoingia. Septemba 1771, Thomas White alikwenda kucheza dhidi ya Hambledon akiwa na gongo pana kama wiketi nzima! Sasa hapo mrushaji alenge wapi? Hambledon walishinda kwa mkimbio mmoja tu, lakini walikasirika vya kutosha kuandika azimio kwamba upana usizidi inchi 4 na robo. Small alikuwa mmoja wa waliotia saini. Kipimo hicho ndicho kinachotumika mpaka leo. Mwaka 1835 urefu nao ukawekewa ukomo wa inchi 38.

Angalieni mantiki ya sheria hizo, wadau. Zote zinamlinda mrushaji. Hakuna hata moja inayomlinda mtu aliyelinunua gongo.

Mwaka 1864 mrushaji aliruhusiwa kuinua mkono juu ya bega. Mpira ukaja kwa kasi na kuruka juu zaidi, na sehemu tamu ya gongo, ile ambayo ukipigia mpira mikono haisikii kitu, ikapanda kutoka mwishoni. Karne hiyo hiyo mafundi walianza kuchomeka mpini wa henzirani ndani ya ubapa wa mti wa wilo, na mshtuko wa mpira ukapungua mikononi. Ncha ya chini ikabaki kama mzigo. Iko mbali kuliko yote na mikono, kwa hiyo kila gramu inayokaa pale mpigaji anaisikia mara nyingi zaidi ya gramu iliyo karibu na mpini. Fundi anayetaka gongo liinuke kirahisi, mahali pa kwanza kukwangua ni pale chini.

Na bei ya kukwangua ni kubwa. Kwa kanuni za kawaida za uhandisi, ukipunguza unene wa ubao kwa nusu, nguvu yake ya kuhimili kupindwa haibaki nusu, inabaki robo. Sasa mwekee mpira wa gramu kama 160 unaokuja kwa kilomita 140 kwa saa na kutua miguuni kabisa, ule wanaouita yoka. Ncha inabanwa kati ya mpira na ardhi. Ikipasuka, ufa unafuata nyuzi za mti na kupanda juu.

Kuna adui mwingine wa kimya kimya: maji. Pale chini nyuzi za wilo zimekatwa na kuachwa wazi kama mirija, zinanyonya unyevu wa uwanja. Mti unavimba, ukikauka unasinyaa, nyufa zinazaliwa. Ndiyo maana wachezaji hupaka mafuta ya kitani kwenye ubapa na kubandika kipande cha mpira kwenye ncha, ambacho sheria inakiruhusu kisizidi milimita 3.

Kuna aliyejaribu kuukwepa mti kabisa. Desemba 1979, mjini Perth, Dennis Lillee wa Australia aliingia na gongo la alumini dhidi ya Uingereza. Nahodha wa Uingereza, Mike Brearley, akalalamika kwamba linaharibu mpira. Lillee akalitupa kwa hasira, na baada ya hapo sheria ikasema wazi kwamba ubapa lazima uwe wa mti.

Basi mafundi wakarudi kwenye mti, wakaukausha zaidi ili uwe mwepesi, wakanenepesha kingo. Klabu ya MCC, inayotunza sheria za mchezo huu, ilieleza kwamba kingo zilikuwa milimita 16 mwaka 1905 na 18 tu mwaka 1980, kisha zikafika 35 hadi 40 kwenye kriketi ya kulipwa. Oktoba 2017 ikaweka ukomo: kingo zisizidi milimita 40, na kina kisizidi 67. Kuhusu unene wa chini kabisa wa ncha, kimya.

Kwa nyota wa kimataifa kimya hicho hakina shida, anapewa magongo na wadhamini. Lakini nina rafiki niliyesoma naye Mlimani, anacheza kriketi ya mtaani. Alijichanga miezi kadhaa akaagiza gongo la wilo, jepesi kama unyoya. Yoka moja kwenye zege lililotandikwa mkeka, ncha ikafunguka. Wilo haioti mashambani kwetu, kila gongo zuri linavuka bahari, na bei yake inaweza kumeza mshahara wa mwandishi kama mimi.

Uganda ilicheza Kombe la Dunia la kriketi fupi mwaka 2024, na Kenya ilifika nusu fainali mwaka 2003. Vijana wanaoutaka mchezo huu wapo. Ushauri wangu kwao: dukani usilipime gongo kwa kuliinua tu. Ligeuze, tazama chini. Kama pale pamekonda, ujue wepesi unaoufurahia umeulipia kwa maisha ya gongo. Chukua lenye ncha nene, hata kama mkono utalalamika kidogo.

Nawasilisha. Wenye magongo yaliyopasuka leteni habari zenu.