Kompyuta inavyohesabu umri na siku za kuzaliwa

KUJUA umri wa mtu kwa kompyuta ni kazi inayoonekana nyepesi, lakini ndiyo inayoamua nani aingie katika daftari la wapiga kura na nani aanze kulipwa pensheni. Njia ya mkato huleta makosa.

Njia hiyo ni kuhesabu siku tangu mtu azaliwe na kuzigawa kwa 365. Aliyezaliwa Novemba 2, 2007 alikuwa ametimiza siku 6,571 ulipofika Uchaguzi Mkuu wa Tanzania, Oktoba 29, 2025. Programu ya namna hiyo ingemhesabu kuwa na miaka 18, ilhali alipungukiwa siku nne. Chanzo ni siku tano za ziada za miaka mirefu, kuanzia 2008 hadi 2024. Kugawa kwa 365.25 nako si tiba: mtoto wa Machi 1, 2001 angeonekana hajatimiza mwaka mmoja ilipofika Machi 1, 2002, kwa kuwa zilikuwa zimepita siku 365 tu.

Utaratibu sahihi hauhitaji kugawanya. Mwaka wa kuzaliwa hutolewa katika mwaka uliopo, kisha mwezi na tarehe hulinganishwa. Ikiwa siku ya kuzaliwa haijafika, hupunguzwa mmoja.

Ili kupata siku zilizobaki, kila tarehe hugeuzwa kuwa namba moja, yaani idadi ya siku tangu mwanzo uliochaguliwa, ndipo namba hizo hutolewa. Hapo sharti ifuatwe kanuni ya kalenda ya Gregory ya mwaka 1582: mwaka mrefu hugawanyika kwa 4, lakini ule unaogawanyika kwa 100 lazima ugawanyike pia kwa 400. Kwa hiyo 2000 ulikuwa mrefu, 1900 haukuwa. Hata wakubwa wamo: Excel ya Microsoft inayo Februari 29, 1900, siku ambayo haikuwapo kamwe, iliyorithiwa makusudi kutoka Lotus 1-2-3 ili majedwali ya programu hizo mbili yapatane.

Linabaki suala la waliozaliwa Februari 29. Hapo hesabu hukoma na sheria huanza. Katika mwaka mfupi, Hong Kong huwahesabia Machi 1. New Zealand, Februari 28. Mtunga programu anayelinganisha mwezi na tarehe tu amekwisha kuchagua Machi 1, ajue asijue.