Kitwitwi, Sululu na Gavana

Kwetu Tukuyu kuna kata inaitwa Bagamoyo. Haina bahari, ina migomba na mvua. Kwa hiyo nikiaga kwamba nakwenda Bagamoyo kuangalia ndege wa pwani, nyumbani lazima nifafanue ni ipi.

Muda mzuri ni mwishoni mwa Agosti na Septemba, kiangazi cha Ulaya kinapoisha na ndege waliozaliana kaskazini wanateremka kwetu. Maji yakitoka, ufukwe unajaa. Sululu humkosei: mdomo mrefu, umepinda kuelekea chini. Kazi iko kwa vitwitwi, wale wadogo wanaokimbiakimbia ukingoni mwa maji. Kiswahili kinawaweka wengi katika jina hilo moja, na ukishika darubini unaelewa kwa nini. Kuna mmoja anatoka Siberia. Agosti hufika bado ana mabaka mekundu tumboni. Mpe miezi miwili, atakuwa wa kijivu kama wenzake, hapo mtafute sasa!

Kitabu cha kutambulia ndege nacho kina hadithi yake, maana majina mengi humo ni ya watu. Bagamoyo tunaikumbuka kwa watumwa, pembe za ndovu na mwili wa Livingstone uliopita hapo mwaka 1874. Emin Pasha hutajwa kwa kuanguka tu: tarehe 4 Desemba 1889, kwenye karamu ya kumpokea yeye na Stanley, alidondoka kutoka ghorofani. Macho yake yalikuwa hafifu. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo alikuwa mkusanyaji hodari wa ndege. Akiwa gavana wa Ikweta, kusini mwa Sudan, alimpelekea Hartlaub wa Bremen ngozi zao, naye akamlipa kwa majina. Mwaka 1880 shomoro mmoja akaitwa eminibey. Mwaka 1882 mbwigu akaitwa gubernator, yaani gavana. Baadaye Emin akapanda cheo, akawa Pasha. Shomoro hadi leo ni Bey.

Na sisi wa Rungwe hatukusahaulika. Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani, alikusanya ndege pande za kaskazini mwa Ziwa Nyasa, na mwaka 1900 Reichenow wa Berlin akawapa ndege kadhaa jina lake. Mmojawapo ni yule wa kifua cha njano na mkufu mweusi, anayetembea majanini huko nyanda za juu. Wanyakyusa walikuwa wakimwona kila siku. Lakini aliyeonyesha njia, aliyetega, aliyebeba mzigo, jina lake halimo, na ngozi hizo hazikujipeleka zenyewe hadi Berlin.

Kwenye daftari langu naandika kitwitwi kwanza. Kilatini kinafuata, kwenye mabano.