Kutoka Begani Hadi Behewani: Tulivyoifuata Treni ya Mpanda



Kama ilivyo desturi ya kitabu hiki, kabla ya kufika kwenye hesabu na maombi ya mchango, tunaanza na historia. Mwaka huu tunaleta habari ya treni ya mizigo ya Mpanda. Mwezi wa saba tuliifuata na kuipiga picha, kwa ajili ya chumba cha kumbukumbu ambacho umoja wetu umekusudia kukijenga.

Habari yenyewe inaanzia mbali kuliko reli. Zamani mizigo ya nchi hii ilisafiri begani mwa watu. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kaze, yaani hapa Tabora, tarehe 7 Novemba. Walitumia siku 134. Mpagazi mmoja alibeba frasila mbili hivi, kilo 30 na zaidi, mbali na mkeka wake, chungu na chakula. Pembe za ndovu zilikwenda pwani. Vitambaa, shanga na bunduki vilirudi. Wapagazi waliosifika kuliko wote walikuwa Wanyamwezi. Kwa wazee wetu upagazi haukuwa aibu. Kijana ambaye hajafika pwani alihesabiwa bado hajawa mtu mzima.

Njia hiyo ilikuwa mali, na mali huleta vita. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya kwenda Ujiji, biashara ikatikisika mpaka Zanzibar. Januari 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe, alipoona Wajerumani wameivunja ngome yake, aliwasha baruti badala ya kukubali kukamatwa.

Baada ya hapo ikaja reli. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Wengi wa vibarua walioijenga walikuwa Wanyamwezi. Waliochimba udongo na kulaza mataruma walikuwa watoto wa wapagazi, na reli hiyohiyo ndiyo iliyomaliza kazi ya baba zao. Mwaka 1928 njia ya Mwanza ilikamilika, na Tabora ikawa njia panda ya reli, kama ilivyokuwa njia panda ya misafara.

Tawi la Mpanda lilikuja mwisho. Linachepuka Kaliua, magharibi ya Urambo, na kwenda kusini kilomita 210 hivi. Lilifunguliwa mwaka 1950 ili kusomba madini ya risasi kutoka mgodi wa Mpanda. Mgodi haukudumu, lakini reli ilibaki, na watu wakaipa kazi nyingine: tumbaku, mahindi, mpunga, asali na mbao za mninga. Ndiyo maana tulilichagua tawi hili. Njia ya Kigoma na ya Mwanza zinajulikana hata nje ya nchi. Hii ya Mpanda ni ya wakulima na warina asali, na wachache sana wameipiga picha.

Tuliomba ruhusa kwanza, kisha tukajigawa. Wenzetu wawili walipanda treni Tabora. Wengine tulitangulia kwa gari hadi Urambo, tukasimama kando ya njia tukiwa na kamera mbili na simu. Ilipotokea, vumbi lilitangulia, ikafuata honi, kisha kichwa cha treni na mabehewa yake. Tulipiga picha nyingi kwa haraka, na nusu yake ni vumbi tupu. Kaliua tuliacha gari na kupanda wote.

Kutoka hapo treni haina haraka. Inapita katikati ya miombo, inasimama penye stesheni ndogo, na kila inaposimama hapo ndipo penye soko. Tulipiga picha ya makuli wakipakia magunia, ya mama aliyekalia madumu yake ya asali ili yasichanganywe na ya mwingine, na ya kijana anayefunga kuku miguu kwa kamba ya katani. Tulipovuka daraja la Mto Ugalla wakati wa kiangazi, maji yalikuwa yamebaki madimbwi. Tulifika Mpanda tumechoka na tumefurahi.

Tuliporudi nyumbani tulimpelekea picha mzee mmoja wa hapa, aliyefanya kazi ya reli ujanani. Alizitazama moja moja bila kusema neno. Alipofika kwenye ile ya makuli akauliza, “Wanangu, majina yao mmeyaandika?”

Hatukuwa tumeyaandika. Tulikuwa na saa, na jina la stesheni, na hata namba ya kichwa cha treni. Majina ya watu hatukuwa nayo.

Swali hilo limetukaa moyoni, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Wageni waliandika vitabu juu ya njia yetu. Majina ya Burton, Speke, Livingstone na Stanley kila mtoto wa shule anayajua. Chuma na Susi tunawajua kwa sababu walikuwa kati ya waliobeba mwili wa Livingstone mpaka pwani. Maelfu waliobeba frasila mbili mbili hakuna anayewajua. Sasa tulikuwa tumefanya kosa lilelile, sisi wenyewe, kwa watu wetu wenyewe.

Wakati nao hautungoji. Tangu 2024 treni ya umeme inakwenda kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na ujenzi wa reli mpya unakuja upande wetu. Tunaifurahia. Lakini reli ilipofika mwaka 1912, hakuna aliyekaa chini na wapagazi kuwauliza majina yao kabla hawajatawanyika. Waliofanya kazi katika reli ya zamani bado tunao, ingawa kila mwaka tunazika baadhi yao.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. La kwanza halina gharama: fungua kabati la nyumbani kwenu. Kama kuna picha ya baba, mjomba au babu aliyekuwa gadi, fundi, kuli au mpiga nyundo wa reli, tuletee tuinakili na kukurudishia, na nyuma yake andika jina lake. La pili ni mchango wa chumba chenyewe. Makisio yamo ukurasa wa mwisho. Sisi tutarudi Kaliua mwakani, safari hii tukiwa na daftari pamoja na kamera.