Baiskeli Katika Njia ya Miguu

Nawasalimu ninyi mlioketi darasani huko Nkome, kando ya Ziwa Viktoria, pamoja na wengine wote wanaojifunza nasi. Leo ni somo la historia. Bwana mwalimu, tafadhali itundike ramani mahali ambapo kila mtu ataiona. Tutaanzia Nkome, twende magharibi hadi Bukoba kwenye kahawa, kisha tuingie Rwanda. Safari yote tutakwenda kwa baiskeli, tena kwa njia ambazo gari halipiti.

Kwanza tuitazame njia yenyewe. Zamani, kabla ya reli na malori, mizigo ya nchi hii ilichukuliwa na watu. Wahunzi Warongo wa Uzinza, yaani nchi hii hii ya Geita na Biharamulo, walifua majembe, na majembe hayo yalibebwa hadi Usukuma na Unyamwezi. Katika misafara mikubwa mpagazi alichukua kiasi cha farasila mbili, zaidi kidogo ya kilo 30. Wapagazi walifuatana mmoja nyuma ya mwenzake kama siafu. Kwa hiyo njia yao ilikuwa nyembamba, ya kupita mtu mmoja tu. Ukumbukeni wembamba huo.

Huko Ulaya watu walikuwa wakijaribu chombo kipya. Mwaka 1817 Mjerumani Karl Drais alionyesha chombo cha magurudumu mawili kisicho na pedeli. Aliyekipanda alisukuma ardhi kwa miguu yake. Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley alitengeneza baiskeli yenye mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, na hiyo ndiyo mama wa baiskeli zetu. Mwaka 1888, huko Belfast, John Boyd Dunlop alipata hati ya tairi la mpira lenye upepo ndani.

Mpira huo ulitoka wapi? Hapa hapana budi tusimame kidogo. Watu wa Ulaya na Marekani walipotaka matairi kwa wingi, mpira mwingi ulitafutwa Kongo, iliyokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Watu wa vijiji walilazimishwa kwenda msituni kugema mpira. Walioshindwa kuleta kiasi kilichotakiwa walipigwa, wake zao walifungwa, na wengine walikatwa mikono. Mwaka 1908 nchi hiyo iliondolewa katika milki ya mfalme, ikawa koloni la serikali ya Ubelgiji. Wanaosimulia habari za baiskeli mara nyingi huyaruka mambo haya. Mimi naona si haki kuyaruka.

Basi, baiskeli ilipofika kwetu ilikuta njia imekwisha kutengenezwa na nyayo za watu. Lori lilitaka barabara pana na daraja imara. Baiskeli ilitosheka na njia ya mpagazi.

Sasa tazameni Bukoba. Wahaya waliijua kahawa kabla ya Wazungu kuja. Waliichemsha, wakaikausha, wakaitafuna, na mgeni alikaribishwa kwa kahawa ya kutafuna. Wakati wa ukoloni kahawa ikawa zao la kuuza, na fedha zake zikanunua mabati, zikalipa ada za shule, zikanunua na baiskeli. Lakini nchi ile ni ya milima na mabonde. Kupanda, mtu hushuka akaisukuma. Kuteremka, hushika breki na kumwomba Mungu. Akifunga gunia la kilo 60 juu ya karia, yeye mwenyewe hapati nafasi ya kukaa. Hutembea kando yake, mkono mmoja kwenye usukani. Hata hivyo hesabuni wenyewe: gunia hilo ni karibu mizigo miwili ya mpagazi, na shingo ya mtu haina kitu.

Faida haikuwa ya shingo tu. Mkulima anayeweza kuufikisha mzigo wake kwa mnunuzi wa pili anaweza kuikataa bei mbaya ya mnunuzi wa kwanza. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walizipinga kanuni za kahawa zilizowekwa na serikali ya kikoloni, na mwaka 1950 chama chao kikuu cha ushirika kikaanzishwa. Upande wetu wa pamba, wakulima walinung'unikia mizani ya wanunuzi, hata mwaka 1955 vyama vyao vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Sisemi kwamba baiskeli ndiyo iliyoleta ushirika. Lakini habari za bei na za mizani hazitembei peke yake, na mwenye baiskeli aliweza kwenda kijiji cha mbali na kurudi kabla ya giza.

Mama zangu mlioko darasani mtauliza: na sisi je? Swali ni la haki. Wengi walionunua baiskeli walikuwa wanaume, na mara nyingi mtungi wa maji na kuni vilibaki kichwani pa mama.

Wako pia waliopanda baiskeli ili kuona nchi. Kati ya mwaka 1931 na 1936 Mpolandi Kazimierz Nowak aliivuka Afrika kutoka Libya hadi ncha ya kusini, kisha akarudi hadi Algeria, sehemu kubwa ya safari kwa baiskeli. Ameandikwa vitabuni, na anastahili. Lakini kuisukuma baiskeli yenye mzigo mlimani ni kazi ambayo mkulima wa kahawa aliifanya kila msimu, wala hakuna aliyeiandika.

Tumalizie Rwanda, nchi ya milima na kahawa. Kahawa mbivu ikichumwa hutakiwa kumenywa siku ile ile, ama sivyo huharibika ladha na bei. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 2000, Mmarekani Tom Ritchey alibuni baiskeli ndefu yenye karia kubwa kwa ajili ya wakulima wa huko. Tangu mwaka 2016 mji wa Kigali umekuwa na siku maalumu ambazo barabara fulani hufungwa kwa magari, watu wakatembea na kupanda baiskeli. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika hapo, kwa mara ya kwanza katika Afrika. Magari yalizuiwa, na wanaume walishindana zaidi ya kilometa 260 za kupanda na kuteremka. Hao hawakuwa na gunia nyuma.

Sasa redio itanyamaza, nanyi mzungumze. Aliyenunua baiskeli yake ya kwanza kwa fedha za pamba, za kahawa au za samaki, awaeleze wenzake aliinunua kwa shilingi ngapi, na siku ya kwanza alikwenda nayo wapi. Kwaherini.